Nani Mwenye Amri ya Maji? Suala la Mifereji Karatu na Ngorongoro

Kada anapofika kijijini kuzungumzia maji, mara nyingi huanza kwa kuhesabu visima na mabomba. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haifikii kiini. Maji ya kilimo ni njia ya uzalishaji mali kama ardhi ilivyo, na penye mvua haba thamani yake huizidi hata ardhi, kwa kuwa shamba lisilofikiwa na mfereji halimlishi mtu. Kwa hiyo hapana budi tuulize: ni nani mwenye amri ya kuyagawa maji, na ni nani anayetoa jasho la kuyafikisha shambani? Wilaya za Karatu na Ngorongoro zinafaa sana kwa uchambuzi huu, maana katika sehemu hizo kilimo cha mifereji si jambo la jana.

Wako wanaodhani kwamba umwagiliaji uliletwa na wakoloni au na wataalamu wa miradi. Dhana hiyo inafutwa na magofu ya Engaruka, yaliyo upande wa Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, wakulima waliyakinga maji ya vijito vinavyoteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayapitisha katika mifereji ya mawe, wakamwagilia mashamba yaliyotandaa kiasi cha hekta 2,000. Kisha wakahama. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu sababu: wengine hutaja kupungua kwa maji, wengine kuchoka kwa udongo, wengine shinikizo la wafugaji. Linalotuhusu hapa ni kwamba kazi kubwa kama ile haiwezi kufanywa na kaya moja moja. Inahitaji watu waliokubaliana zamu na wanaofukua mifereji kwa pamoja.

Mfano ulio hai uko Ngorongoro kwenyewe, kwa Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Vijiji vyao, kama Samunge, Digodigo, Sale na Kisangiro (Samunge hiyo hiyo iliyofurika watu mwaka 2011 kwa ajili ya kikombe cha dawa), viko katika nchi kavu, na maisha yao yametegemea chemchemi na vijito vinavyoelekezwa mashambani kwa mabanio ya miti na udongo. Mtafiti Robert Gray, aliyetoa kitabu kuhusu jamii hiyo mwaka 1963, alieleza kwa kirefu utawala wa maji yao. Juu kabisa lilikuwapo baraza la wazee walioitwa wenamiji, na nafasi hiyo ilirithiwa. Hao ndio waliotangulia kupata maji. Chini yao walikuwapo watu waliojipatia haki ya zamu kwa kutoa mbuzi. Waliobaki hawakuwa na zamu yao wenyewe. Iliwabidi kuomba maji kwa wenye nayo.

Tusiufiche ukweli huu kwa kuisifu mila. Ule ulikuwa mfumo wa matabaka, na aliyezaliwa nje ya ukoo wa baraza alimlipa mwenzake kwa kitu ambacho hakuna binadamu aliyekitengeneza. Lakini tusiukatae wote kwa pupa pia. Waliogawa zamu ndio hao hao waliosimamia banio lisibomoke na mfereji usizibe. Amri ya maji na wajibu wa kazi vilikaa mahali pamoja, na kila mtu aliujua mlango wa kubisha maji yanapokatika.

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao ifikapo 1991. Mwaka 1974 sheria ikatamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri. Hizo zilikuwa hatua kubwa, kwani kisheria maji yaliondolewa katika miliki ya mtu au ukoo. Hata hivyo lengo la 1991 halikufikiwa. Sababu zilikuwa nyingi, fedha ikiwemo, lakini mojawapo inatuhusu sisi moja kwa moja: bomba lilihesabiwa kuwa la Serikali, na lilipovunjika kijiji kilikaa kikimsubiri fundi wa Serikali. Kwenye mifereji nako sheria ilibadili mwenye mali bila kumbadili papo hapo mwenye amri. Watafiti waliofika Sonjo mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwakuta wenamiji bado wana sauti, sambamba na serikali za vijiji.

Tuteremke sasa Karatu, hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Huku hakuna baraza la kurithi, na hali ni ya kisasa kabisa: vitunguu vinalimwa kwa ajili ya soko. Chemchemi zinabubujika katikati ya ukame, na mgeni hushangaa maji hayo yametoka wapi. Yametoka juu. Mvua inayonyesha kwenye mlima Oldeani na msitu wa Ngorongoro hupunguzwa kasi na majani na mboji, ikazama katika miamba ya volkano yenye nyufa, ikasafiri chini kwa chini na kutokeza bondeni. Msitu ukikatwa, mvua ile ile hushuka kwa kishindo siku moja, ikabeba udongo, na chemchemi hukosa cha kutoa wakati wa kiangazi.

Kitunguu kina mizizi mifupi, hivyo hutaka maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Mkulima mwenye wasiwasi kwamba zamu yake haitarudi mapema huyajaza majaruba mpaka yatuame. Jua huyafyonza, chumvi ikabaki juu ya udongo. Eyasi lenyewe, ziwa lisilo na mto wa kutokea, linatuonyesha chumvi hiyo inavyojilimbikiza. Kwa maneno mengine, uharibifu huo hautokani na ujinga wa mkulima. Unatokana na zamu isiyoaminika, na shamba litatunzwa pale tu zamu itakapoaminika.

Hapo ndipo pampu inapoingia. Mwenye pampu ya petroli hahitaji kungoja zamu wala kufukua mfereji. Anateremsha mpira mtoni na kuvuta. Na mwenye fedha ya pampu na mafuta mara nyingi si yule mwenye jembe. Matokeo yake ni kwamba wenamiji wapya wanaweza kuzaliwa bila baraza, nao hawana wajibu wowote juu ya banio.

Sheria ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na inatambua jumuiya za watumia maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo. Silaha zipo. Lakini kibali hutaja kiasi cha maji, na mfereji wa udongo usio na kipimo hauwezi kumwambia mtu amechota kiasi gani. Kada anayetaka kujua hali ya kijiji aombe daftari la zamu wakati wa kiangazi, alilinganishe na orodha ya waliotokea siku ya kufukua mfereji, kisha atembee kwa miguu kutoka chemchemi hadi shamba la mwisho, akihesabu pampu njiani.