Ploti ya Mtoni: Bei ya Kuishi Kando ya Mto Nairobi

Tangazo la nyumba za kupangisha mtaani Riverside litakutajia miti, ndege na utulivu wa bonde. La Kawangware, ambalo aghalabu ni kibao kilichopigiliwa misumari kwenye nguzo ya stima, litakutajia aina ya chumba na nambari ya simu, basi. Mto ni ule ule. Maji yanayopita nyuma ya vyumba vya mabati asubuhi ndiyo yatakayopita chini ya roshani za Riverside baadaye siku hiyo hiyo, yakiwa yamebeba kila yalichotupiwa njiani.

Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita Dagoretti, ukazitenga Kangemi na Kawangware, kisha ukateremka nyuma ya Lavington na Kileleshwa hadi Chiromo na Museum Hill kabla ya kuingia katikati ya jiji. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, vijito ambavyo madereva huvivuka bila kujua majina yake, huteremka sambamba nao upande wa kusini. Ndiyo maana magharibi mwa Nairobi ni matuta na mabonde: barabara kubwa juu, maji chini, na kati yake mteremko wa udongo mwekundu ambao kila mwenye pesa kidogo au nyingi anautamani.

Kangemi na Kawangware si Kibera. Kibera imejengwa zaidi juu ya ardhi ya serikali, lakini huku magharibi mashamba yalikuwa ya familia za Wakikuyu zilizobaki ndani ya eneo la hifadhi la Waafrika wakati wa ukoloni, na mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963 wakajikuta ndani ya Nairobi wakiwa na mashamba yao. Baba aliyekuwa na ekari mbili aliwagawia wanawe. Wanawe wakajenga vyumba vya kupangisha, kwa kuwa kodi ya chumba hailingani na mazao ya mahindi. Shamba lilianza barabarani na kuishia mtoni, na vyumba vikafuata mkondo huo huo. Vya juu vilijengwa kwa mawe, vya katikati kwa mabati, na vya mwisho kabisa, ambavyo mlango wake unautazama mto, ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote. Mpangaji wa pale hulipa kidogo kila mwezi na deni lingine hulilipa Aprili, mvua za masika zinapopanda hadi kwenye godoro. Mwenye nyumba mara nyingi haishi hapo.

Hata hivyo bonde lina uchumi wake, na ni wa watu wasiomiliki kitu. Kuna wakuzaji wa nduma, wakataji wa majani ya ng'ombe, wenye vitalu vya miche na maua ambao humwagilia kwa ndoo kutoka kijitoni na kuuzia wenye bustani za Lavington. Sukuma wiki nayo hulimwa kwa maji hayo hayo, na mlaji hana njia ya kujua. Wakulima hawa wanajua jambo ambalo wajenzi wa magorofa walilipuuza: mahali pa nduma ni mahali pa maji, na mwenye akili halazi watoto hapo.

Kileleshwa ya zamani ililijua hilo pia, ingawa kwa sababu nyingine. Ploti ilikuwa kubwa, nyumba moja juu karibu na barabara, na sehemu ya chini ikaachiwa migomba na mianzi. Mabomba makubwa ya majitaka ya Nairobi yalilazwa kando ya mito, kwa kuwa majitaka, kama mto wenyewe, huenda chini bila kusukumwa. Nani angetaka kulala karibu nayo? Kisha zikaja fleti. Bangalo moja likabomolewa, zikapanda familia sitini au mia, na kwa sababu kila mita ya ploti sasa ina bei, sehemu ya migomba ikageuzwa maegesho ya magari, jenereta na ukuta wa zege. Bomba lililowekwa kwa ajili ya bangalo likaachiwa mzigo wa magorofa. Likizidiwa hufumuka, na linapofumukia ni mtoni.

Tatizo la sheria si kwamba haipo. Ipo, tena nyingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza shughuli za maendeleo ndani ya ukingo wa mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yaliwahi kufika. Kati ya 6 na 30 kuna mita 24, na katika mita hizo 24 ndimo mpima ardhi, msanifu na afisa wa kupitisha ramani wanamokutana na tajiri. Hakuna bikoni inayoonyesha maji yalifika wapi mwaka fulani. Alama iko vichwani mwa wazee wa mtaa, na hao hawaulizwi ramani inapopitishwa.

Agosti 2018 ilionekana kana kwamba mambo yamebadilika. Tingatinga ziliangusha kituo cha mafuta na mkahawa Kileleshwa, zikaenda South End Mall kwenye barabara ya Lang'ata, kisha jengo la Ukay Centre huko Westlands. Watu wakashangilia: safari hii vifusi vilikuwa vya wakubwa. Kisha kimya. Tingatinga ziliporudi kwa nguvu, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, zilielekea Mathare na Mukuru. Wakazi wa kando ya mito walipewa saa 48 kuhama, na waliobomolewa wakaahidiwa Sh10,000 kila familia. Magorofa mengi ya kando ya mito upande wa magharibi bado yamesimama. Sisemi yabomolewe yote kesho. Nasema kipimo cha mita kikitegemea unene wa mfuko wa mwenye ploti, hicho si kipimo tena.

Anayedhani hatimiliki itamkinga asome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Aprili 2023, kati ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti ilikuwa Nyali, kando ya bahari, na wa kwanza kugawiwa alikuwa Rais wa zamani Daniel arap Moi. Kampuni ilinunua, ikalipa, ikapata hati. Mahakama ikasema hati pekee haitoshi: kama ardhi iliondolewa mikononi mwa umma kinyume cha sheria tangu mwanzo, mnunuzi wa pili au wa tatu hawezi kujificha nyuma ya nia njema. Hukumu hiyo ilihusu ufuo, lakini mwenye fleti kando ya Kirichwa asiione kuwa mbali.

Wala biashara ya kuuza majimaji si mpya mjini. Ewart Grogan, mlowezi aliyejenga nyumba yake Chiromo, juu palipo pakavu, ndiye aliyemiliki kinamasi cha chini kando ya mto, na jina lake bado linatamkwa na kila anayetafuta vipuri vya gari Kirinyaga Road. Mwenye kujua ardhi aliishi juu. Chini paliachiwa wengine.

Je, mtu maskini hawezi kuishi kando ya mto kwa heshima? Mjini Yogyakarta, Indonesia, katika miaka ya 1980, wakuu wa jiji walitaka kuwaondoa wakazi wa mtaa wa mabanda kando ya mto Code. Padri na msanifu majengo Mangunwijaya alikataa, akajenga nao nyumba za mianzi zilizoinuliwa kwenye mteremko, na mwaka 1992 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Siri haikuwa mianzi. Wakazi waliruhusiwa kubaki, kwa hiyo wakawa na sababu ya kuutunza mto. Wa Kangemi hujenga kwa mabati kwa kuwa hajui kama mwakani atakuwapo.

Machi 2025 Rais alizindua mradi wa Sh50 bilioni wa kusafisha Mto Nairobi. Ukifaulu, bei ya ploti za bondeni itapanda, na wa kwanza kuiona atakuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, katika notisi ya kuhama.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua huko, usiende Januari. Nenda Aprili, baada ya usiku wa mvua, uvae gambuti. Mwulize mlinzi na mama mboga maji yalifika wapi 2024, kisha pima mita 30 kutoka hapo. Iulize Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa maandishi, na ufuatilie historia ya hati hadi kwa mmiliki wa kwanza. Wakili wako akikwambia hayo ni kupoteza muda, tafuta wakili mwingine.