Maji Ukutani: Gharama Isiyoingia Kwenye Hesabu

Masika yakikatika, biashara ya rangi, plasta na dawa za kuzuia maji huchangamka Dar es Salaam. Wenye nyumba hukwangua kuta zilizoota ukungu, hubandua dari za jipsamu zilizovimba, kisha huirudia kazi ileile iliyofanyika baada ya mvua za mwaka uliotangulia.

Ofisa mmoja wa mipango miji, asiyetaka kutajwa jina, anaelekeza lawama zote mabondeni. Hoja yake kuu ni makadirio kwamba mafuriko ya Aprili 2018 yalizitia kaya za jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100 za Marekani, kati ya asilimia 2 na 4 ya pato la jiji. Watu, anasema, wamejenga kando ya Mto Msimbazi wakijua maji hayasahau njia yake.

Kiasi hicho ni kikubwa, ila ni hesabu ya mafuriko. Hakimhusu mkazi wa Kimara au Goba, huko kwenye miinuko, ambaye dari yake inaoza bila mto wowote kufurika. Wala hakielezi kwa nini barabara za mitaa zinainuliwa kwa kifusi hadi nyumba za zamani zinabaki chini yake, mtaro haujachimbwa, na maji yanaingia sebuleni mwa mtu aliyejenga mahali halali. Lawama za mabondeni zinawafaa sana waliopaswa kuchimba mitaro.

Muuza vifaa vya ujenzi mmoja ana kinyongo cha aina nyingine. Wateja, anasema, humrudia na makopo matupu wakidai amewauzia rangi feki. Akiwauliza nyumba ilivyojengwa, anasikia yaleyale: tofali za kando ya barabara, ambako mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hulazimishwa kutoa tofali nyingi kupita kiasi; mchanga wenye chumvi; na msingi usiotandikwa nailoni ya kuzuia unyevu kabla ya kuta kupanda. Maji ya ardhini hunyonywa na tofali, hupanda na chumvi, na yanapokauka chumvi hiyo huisukuma rangi hadi ikabanduka. Hakuna kopo linalotibu hilo. Tiba ni kukata ukuta chini, kipande kwa kipande, na kupachika kizuizi, au angalau kubomoa plasta yote iliyolowa. Wakitajiwa bei, wengi huchukua kopo jingine, tena kwa mkopo, huku yeye akidaiwa na muuzaji wa jumla.

Analalamika kwa haki, ingawa kopo hilo la pili ni yeye anayeliuza.

Juu ya nyumba nako kumezuka chanzo kipya cha unyevu. Paa la kuficha, fahari ya wajenzi wa miaka ya karibuni, hulaza bati kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta mfupi. Maji yote hutegemea gata ya ndani. Majani yakiziba mdomo wake, au kiungo cha bati na ukuta kikipasuka kwa jua, maji hayana pa kwenda ila darini. Mafundi wengi wamejifunza kulijenga kwa kutazama picha, na mwenye nyumba ndiye anayelipia mafunzo hayo.

Mpangaji yuko pabaya zaidi. Ameshalipa kodi ya miezi sita mbele, chumba kikiwa kimepakwa rangi mbichi siku chache kabla hajaoneshwa. Wala bima haimwokoi: kwa wengi ni kitu cha gari, au cha nyumba iliyowekwa rehani benki.

Baadhi ya mafundi wanasema wateja wameanza kuulizia tena paa la mteremko. Huenda ni kweli, japo ramani zinazouzwa bado zimejaa mapaa ya kuficha. Ofisa naye anaahidi ukaguzi mkali wa ujenzi. Viwanja vya bei nafuu bado viko penye maji, na kabla ya vuli ya Oktoba kuanza, wauza rangi wanatarajia mauzo mazuri.