Kompyuta iliyoongezwa kasi ipimwe kabla ya kuvuka Kobero

Kompyuta ikianza kujizima Gitega, muuzaji yuko ng'ambo ya mpaka wa Kobero, na nauli ya kuirudisha humeza faida yote. Heri mnunuzi achelewe saa chache Kabanga, ajue kama mwenye nayo wa kwanza aliiongeza kasi.

Jibu limo ndani ya BIOS. Prosesa nyingi za Intel zenye herufi K huruhusu kizidishi kupandishwa: MHz 100 mara 45 ni GHz 4.5. Volteji ikiwa ndogo, mashine hujizima. Ikizidi, joto hupanda. Fundi makini hupanda hatua moja, hupima, ndipo hupanda tena. Wenye pupa ndio wanaouza.

Memori ni msaliti zaidi. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 kwa kawaida hufikia kasi hiyo XMP ikiwashwa, na makosa yake huharibu mafaili kimyakimya, hesabu za duka la Muyinga zikiwemo. MemTest86 izunguke mara nne. Likitokea kosa hata moja, BIOS irudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani, kipimo kirudiwe. Likitokea tena, bei ishuke au mashine ibaki Kabanga.