Mita au kilohezi? Stesheni moja, majina mawili

NDUGU msomaji, kama nyumbani kwenu imesalia redio ya zamani, ile yenye kioo kirefu mbele na mshale mwekundu unaotembea nyuma ya kioo, hebu ifute vumbi uitazame usoni. Katika mstari wa masafa mafupi utakuta tarakimu zimepangwa: 13, 16, 19, 25, 31, 41, 49, pengine na 60. Hizo ni mita. Sasa chukua redio ndogo ya siku hizi, yenye tarakimu zinazowaka. Humo hutaona 25 wala 31. Utaona 11735, au 9600. Hizo ni kilohezi. Redio mbili zinapokea stesheni moja, na kila moja inaitaja kwa namba yake.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwetu halikuwa dogo.

Mwaka 1999 babu yangu, mstaafu wa reli, alikuwa akiishi Tabora. Dada yake wa pekee alikuwa hoi kitandani huko Unguja. Simu nyumbani hatukuwa nayo, na barua ilikuwa ikifika inapopenda. Mpwa wake akamwandikia kwamba kila jioni asikilize Sauti ya Tanzania Zanzibar, kilohezi 11735, maana huko ndiko husomwa taarifa za vifo, na likitokea la kutokea atalisikia siku ile ile. Babu akavaa miwani, akaitafuta 11735 usoni pa redio yake. Hakuiona. Akaamini redio ni mbovu, akaipeleka kwa fundi. Fundi naye akaifungua, akabadilisha kitu fulani, akapokea fedha zake, akairudisha. Bado 11735 haikuwamo.

Habari za msiba zilimfikia kwa mdomo wa msafiri aliyeteremka na gari moshi, siku sita baada ya maziko. Matanga yalikuwa yamekwisha ondolewa. Na muda wote huo sauti ya Unguja ilikuwa imo mle mle ndani ya redio yake, chini ya namba 25.

HATUA YA BABA NA HATUA YA MTOTO

Chukulia, ndugu msomaji, kwamba jioni unatoka na mwanao wa miaka mitano kwenda dukani, mmeshikana mikono. Mwendo wenu ni mmoja, maana hakuna anayemwacha mwenzake. Lakini hatua yako ni ndefu na yake ni fupi, kwa hiyo wewe ukipiga hatua mia, yeye amepiga mia mbili. Mtu akitaka kueleza tofauti yenu anaweza kupima urefu wa hatua, au akahesabu ni hatua ngapi kila mmoja anapiga kwa dakika. Apime au ahesabu, atakuwa ameeleza jambo lile lile.

Ndivyo yalivyo mawimbi ya redio. Yote yana mwendo mmoja, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Mita ni urefu wa wimbi moja, yaani urefu wa hatua. Hezi ni idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde, yaani hesabu ya hatua. Kilohezi ni elfu moja ya hizo, na megahezi ni milioni. Wimbi likiwa refu, idadi hupungua. Likiwa fupi, idadi huongezeka. Mwenye kujua moja ameijua na ya pili: gawanya 300,000 kwa kilohezi, utapata mita, gawanya 300,000 kwa mita, utapata kilohezi. Radio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi ilisikika katika kilohezi 5050. Gawanya, utapata mita 59.4. Wasikilizaji waliiita ya mita 60, na hawakukosea.

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe, nao ni neno masafa. Asili yake ni umbali, na ndiyo maana wazee wetu waliposema masafa mafupi walikuwa wakitaja urefu wa wimbi. Lakini mtangazaji wa FM wa leo akikwambia umtafute katika masafa ya 93 nukta ngapi, anataja megahezi, yaani idadi. Neno moja tumelitwisha vipimo viwili ambavyo kimoja kikipanda kingine hushuka! Zaidi ya hapo, masafa mafupi ndiyo yanayofika mbali kuliko yote. Nimewahi kumsikia mtu mzima, msomi, akishikilia kwamba masafa mafupi ni ya kusikilizia stesheni za karibu. Simlaumu. Neno lenyewe ndilo lililompotosha.

KWA NINI MITA ZILITANGULIA

Heinrich Hertz, yule Mjerumani ambaye jina lake ndilo hilo tunalolitamka kila tunaposema kilohezi, alithibitisha kuwapo kwa mawimbi haya mjini Karlsruhe kati ya mwaka 1886 na 1888. Hakuwa na chombo cha kuhesabu mamilioni ya mitetemo kwa sekunde. Alichoweza ni kuyaachia mawimbi yagonge ukuta na kurudi, kisha kupima ndani ya chumba umbali wa kutoka mahali yanapotulia hadi mahali pengine yanapotulia. Urefu wa wimbi ulipimika, na idadi ikapatikana kwa hesabu. Waliomfuata wakafuata desturi hiyo.

Hata sheria ziliandikwa kwa mita. Mwaka 1912, baada ya kuzama kwa meli ya Titanic, Marekani ilitunga sheria ya redio iliyowasukuma wapenzi wa redio wasio na kazi ya biashara wala ya serikali kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba mawimbi mafupi kiasi hicho hayana faida. Kwa maneno mengine, walipewa jalala. Lakini Novemba 1923, kwa wimbi la mita 110 hivi, Mfaransa Léon Deloy akiwa Nice aliwasiliana na Wamarekani Fred Schnell na John Reinartz, wakajibizana kuvuka bahari ya Atlantiki. Jalala likageuka kuwa shamba lenye rutuba, na baada ya miaka michache mataifa makubwa yalikuwa yakiligombania.

Kugombania huko ndiko kulikoipa nguvu idadi. Katika miaka ile ya 1920 vipande vya kioo cha kwatzi vilianza kutumika kuushikilia mtambo usiyumbe kutoka idadi iliyopangwa. Mkutano wa kimataifa wa Washington mwaka 1927 ukagawa mawimbi kwa idadi, na urefu ukaandikwa kama makadirio tu. Kipimo kiliitwa kilosaiko wakati huo. Jina la hezi lilipitishwa rasmi katika mfumo wa vipimo wa kimataifa mwaka 1960. Redio zilizokuwa sebuleni, hata hivyo, ziliendelea kuzungumza mita.

SENTIMITA MOJA NA NUSU

Kuna watu, ndugu msomaji, ambao starehe yao ni kukesha wakitafuta sauti za mbali. Wako Finland, Japani, India, Ujerumani na kwingineko. Akiisha kuipata stesheni, mpenzi huyo huandika taarifa: siku, saa, kilohezi, alichokisikia, na alama tano kutoka 1 hadi 5 za nguvu na usafi wa sauti. Huituma taarifa hiyo kwa stesheni, na ikithibitishwa hurudishiwa kadi yenye picha. Kadi ya kutoka Dar es Salaam au Zanzibar ilikuwa kitu cha kujivunia ukutani. (Saa huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa tatu, na kwa kuwa saa ya Kiswahili nayo ina hesabu yake, saa tatu ya usiku ya mama nyumbani ndiyo saa 18:00 ya mpenzi wa redio wa Helsinki.)

Kati ya watu hawa lipo bishano la siku nyingi. Wakongwe husema niliipata mita 31. Vijana huwauliza: wapi mita 31? Na swali hilo ni la haki. Bendi ya mita 31 huanzia kilohezi 9400 hadi 9900. Stesheni hupangwa kila baada ya kilohezi 5, kwa hiyo humo mna nafasi kama mia moja. Kwa mita, nafasi zote hizo zimebanwa kati ya 31.9 na 30.3. Kutoka 9500 hadi 9505 urefu wa wimbi hupungua sentimita moja na nusu, na ushei. Ni mshale gani wa redio utakaokuonyesha hiyo? Taarifa inayosema mita 31 tu ni sawa na barua iliyoandikwa Kariakoo bila mtaa wala namba ya nyumba. Haitapata kadi.

Hapo nawaunga mkono vijana. Lakini wanaotaka mita zitupwe kabisa nadhani wanakwenda mbio mno.

Kwanza, mita hutaja tabia. Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kurudishwa ardhini na tabaka la juu angani liitwalo ionosfia, na tabaka hilo hubadilika kwa jua. Mchana bendi za 13, 16 na 19 ndizo hufunguka kwa safari ndefu. Jua likizama, 41, 49 na 60 huamka. 25 na 31 zipo katikati, hufanya kazi pande zote mbili. Bendi za 60, 90 na 120 ziliwekwa kwa ajili ya nchi za joto kama zetu, ambako radi huyavuruga mno masafa ya kati. Haya yote mzoefu huyakumbuka kwa namba saba au nane za mita.

Pili, waya. Antena nzuri ni ile ya nusu ya urefu wa wimbi, ikipungua kidogo. Anayetaka bendi ya mita 31 anahitaji waya wa mita 15 hivi, unaokatwa katikati ili kuunganishwa na redio. Anayetaka kilohezi 5050 anahitaji mita 28, naye itabidi azungumze vizuri na jirani mwenye mwembe. Anayepanda mtini na kamba anafikiri kwa mita, hata kama redio yake inawaka kilohezi.

Babu alipata hesabu yake kwa kuchelewa. Mwalimu mmoja wa fizikia, jirani, alikuja kutoa pole. Akaamkia, akasikiliza kisa chote cha redio, kisha akaomba penseli. Nyuma ya ile barua ya mpwa akaandika 300,000, akagawanya kwa 11,735, akapata 25 na nusu.

“Mzee wangu,” alisema, “iko hapa.”

Akausogeza mshale hadi 25, kisha kidogo tu upande wa 31. Kukasikika mkwaruzo, halafu sauti ya mwanamke, safi kama iko chumba cha pili, akisoma majina ya marehemu, watoto wao, na mahali pa maziko. Babu alisikiliza mpaka orodha ikaisha. Kisha akachukua kisu, akachonga alama juu ya kioo mahali pale mshale ulipokuwa umesimama. Redio ile ninayo mimi sasa, na ile alama bado ipo.