Virusi vinavyoua bakteria

Mzazi, si kila kirusi ni adui. Bakteriofaji ni virusi vinavyoshambulia bakteria tu: hujishikiza kwa bakteria, huingiza vinasaba vyake na kuzaliana ndani mpaka bakteria apasuke.

Mwaka 1919 jijini Paris, Félix d'Hérelle alivinywa kwanza mwenyewe, kisha akamtibu mtoto aliyekuwa anahara damu. Akapona. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa msichana wa Uingereza aliyepandikizwa mapafu alipata nafuu kwa tiba hiyo, baada ya antibiotiki kushindwa.

Lakini kila kirusi huua aina chache tu za bakteria. Kinachofaa lazima kitafutwe maabara. Huwezi kukinunua duka la dawa la mtaani.

Basi tuzilinde antibiotiki tulizonazo. Usimpe mtoto dawa alizobakiza ndugu yake, wala antibiotiki kwa mafua ya kawaida: hayo ni ya virusi, haziyatibu.