Mteja, Mjomba na Pepo

Mwanasaikolojia wa tiba katika kaunti ya Kwale hupokea watu wasiofanana hata kidogo. Yupo Mdigo wa Msambweni, Mduruma wa Kinango, Mkamba wa Shimba Hills, Mmakonde ambaye jamii yake ilitambuliwa na serikali mwaka 2016 tu, na Mpemba aliyesubiri hadi 2023. Yupo mhudumu wa hoteli Diani, na mstaafu wa Kijerumani aliyejenga huko huko. Mjerumani huja peke yake, kwa miadi. Wenyeji wengi huletwa.

Anayemleta mteja ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Kwa Wadigo, Uislamu wao haukuuondoa kabisa ukoo wa kukeni, na mjomba bado ana kauli juu ya watoto wa dada yake. Basi husalimiwa, huulizwa habari za safari, na maelezo yake husikilizwa mpaka mwisho. Baada ya hapo huombwa kusubiri nje. Aliyekwisha kusikilizwa huondoka bila kinyongo.

Asipotoka, dodoso halina maana. PHQ-9, linalotumiwa kupima huzuni kali, lina maswali tisa, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. La mwisho huuliza kama, katika wiki mbili zilizopita, mtu amewaza kuwa heri afe. Mama mtu akiwa kando, jibu ni astaghfirullah. Dini inakataza, na sheria nayo ilitisha: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka katiba.

Kazi yenyewe huanza mjomba anaposema binti ana pepo. Mara nyingi ngoma imekwisha kuchezwa kabla ya kufika hospitalini. Katika ngoma hiyo mganga humhoji pepo: jina lake nani, kabila lake lipi, anataka nini. Pepo hujibu kwa kinywa cha kiti wake, yaani mwanamke aliyempanda. Anataka leso mpya, pete, marashi. Mume ndiye mlipaji. Mwanaanthropolojia Roger Gomm, akiandika mwaka 1975 kuhusu pwani hii hii ya kusini, aliona humo namna ya mnyonge kudai haki: lisilosemeka na mke husemwa na pepo, na mume hutoa bila kuonekana kashindwa na mkewe. Hakuiita namna hiyo ushindi. Ngoma ikiisha, mamlaka ya wanaume yako palepale.

Mtaalamu makini hambishii mteja juu ya pepo, wala haungi mkono. Kwanza huhakikisha daktari amemwona, maana kifafa nacho huitwa pepo, na kinataka dawa. Kisha huuliza pepo huja lini, nani akiwa nyumbani, aliomba nini na akanyimwa nini. Mwongozo wa Kimarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, una mahojiano ya maswali 16 ya kumwuliza mgonjwa yeye mwenyewe anaiitaje shida yake na jamaa zake wanasema imetoka wapi. Waganga wa Kinango wasingeona jipya hapo. Lakini je, mke aliyetulia, asiyepandwa tena, atadai kwa kinywa cha nani? Na saa moja ya mazungumzo ya faragha italinganaje na ngoma iliyokusanya mtaa mzima kwa ajili yake?

Kwa watumiaji wa heroini mambo hugeuka. Kwenye kliniki ya methadoni ya Kombani, dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na wengi hufika peke yao kwa kuwa nyumbani wamekwisha kuchokwa, vyombo vimeuzwa na ahadi zimevunjwa. Hapa mwanasaikolojia hana wa kumtoa nje. Humwuliza mteja ni nani kwao anayepokea simu yake bado, dada, shangazi au mjomba, kisha huomba ruhusa ya kumpigia.