Akiba haiozi? Jinsi maili zako za ndege zinavyopungua thamani ukiwa umelala

Chukulia umekusanya maili za ndege kwa miaka mitatu. Kila safari ya kazi unaihesabu, kila ukilipa kwa kadi ya benki unaihesabu. Lengo ni moja tu: Desemba hii familia ipande ndege kwenda nyumbani bila kutoboa mfuko.

Jumatatu usiku unafungua aplikesheni ya shirika la ndege. Tiketi moja ni maili 40,000. Unajiambia kesho utakata.

Jumanne asubuhi unafungua tena. Tiketi ileile, ndege ileile, siku ileile: maili 55,000. Hakuna barua pepe, hakuna meseji, hakuna tangazo lolote.

Maili zako ni zilezile. Ila hazitoshi tena.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini abiria wengi, hasa Marekani, wameshakutana na kitu kama hicho. Na mara nyingi shirika halijavunja sheria yoyote. Inakuwaje?

Maili ni nini hasa?

Mwaka 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage. Wazo lilikuwa rahisi: ukisafiri nasi mara kwa mara, tunakuhesabia umbali uliosafiri, na ukifikisha kiwango fulani tunakupa tiketi. Siku chache baadaye United nao wakaja na mpango wao. Leo karibu kila shirika kubwa duniani lina mpango wa aina hii.

Kama umewahi kutumia pointi za kampuni ya simu, mfano Bonga Points za Safaricom, tayari unaelewa mchezo wenyewe. Unanunua huduma, unapewa pointi, baadaye unazibadilisha kwa kitu kingine.

Tofauti na hela ni hii. Shilingi ukiipeleka duka hili ikashindwa kununua, unajaribu duka la pili. Maili za ndege zinafanana zaidi na noti alizochapisha mwenye duka mwenyewe. Zinakubalika kwake na kwa marafiki zake wachache tu, na bei za bidhaa anazibandika yeye.

Akibadilisha bei usiku, asubuhi wewe ndiye uliyepungukiwa.

Jedwali lililotoweka

Zamani mashirika yalikuwa na jedwali la bei za maili, na kila mtu aliliona. Kwa mfano, kwa miaka kadhaa United walikuwa wakitoza maili 30,000 kwa tiketi ya bei nafuu ya daraja la kawaida, kwenda tu, kati ya Marekani na Ulaya. Mteja alijua anapokwenda. Alipanga, akakusanya, akafika.

Februari 2015 Delta waliondoa jedwali lao kwenye tovuti. Aprili 2019 United wakatangaza kwamba nao wataliondoa la kwao kuanzia Novemba mwaka huo. American wakafuata mwaka 2023 kwa safari za ndege zao wenyewe.

Badala ya jedwali ikaja bei inayopanda na kushuka, kama nauli ya kawaida ya pesa. Kompyuta inaangalia siku, msimu, wingi wa watu wanaotafuta na viti vilivyobaki, kisha inatoa bei ya wakati huo.

Mashirika yanajitetea kwamba mfumo huu unaleta pia tiketi za bei ya chini. Ni kweli, zipo, hasa kwa safari fupi na siku ambazo abiria ni wachache.

Lakini kuna jambo limepotea hapo. Jedwali likibadilishwa, kila mtu anaona kwamba bei imepanda. Jedwali lisipokuwepo, hakuna cha kulinganisha nacho. Shirika likipandisha bei zote kwa asilimia 20, mteja mmoja mmoja ataona tu kwamba leo ni ghali. Atadhani ni msimu. Atasema atajaribu wiki ijayo.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha hali hii vizuri. Mwaka huohuo wa 2019 United walitangaza pia kwamba maili zao hazitaisha muda tena. Wateja wakafurahi. Waswahili husema akiba haiozi, na hapa ilionekana kweli haiozi. Lakini maili isiyoisha muda, bila bei inayojulikana, ni ahadi nusu. Tarakimu kwenye akaunti inabaki palepale, huku kile inachoweza kununua kikipungua.

Hesabu yake ni hii: bei za maili zikipanda kwa asilimia 30, thamani ya maili ulizonazo inashuka kwa takriban asilimia 23. Mwenye maili 100,000 ni kama ameamka na 77,000.

Kwa nini hawatangazi?

Sababu ya kwanza iko wazi. Wakisema leo kwamba bei zinapanda mwezi ujao, kila mwenye maili atakimbilia kukata tiketi kwa bei ya zamani. Shirika litajaza viti vingi kwa abiria ambao hawalipi pesa taslimu.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Maili zimekuwa biashara inayojitegemea.

Mashirika ya ndege huziuzia benki maili kwa jumla. Benki nazo huwapa wateja wanaotumia kadi zao. Delta peke yao walipata takriban dola bilioni 7.4 kutoka American Express mwaka 2024.

Janga la corona lilipoingia mwaka 2020 na ndege zikabaki chini, mipango hii ndiyo iliyowekwa rehani. United walikopa dola bilioni 6.8 kwa dhamana ya MileagePlus. Delta wakakopa bilioni 9 kwa SkyMiles. Mwaka 2021 American wakapata bilioni 10 kwa AAdvantage.

Sasa fikiria: maili zinauzwa kwa mabilioni kila mwaka, lakini viti kwenye ndege haviongezeki kwa kasi hiyo. Noti zikiwa nyingi na bidhaa chache, bei hupanda. Ni mfumuko wa bei uleule unaoujua sokoni, ila hapa anayechapisha noti na anayepanga bei ni mtu mmoja.

Sheria inasemaje?

Fungua masharti ya AAdvantage na utakuta mambo mawili. La kwanza, shirika linaweza kubadilisha kanuni wakati wowote, kwa kutoa taarifa au bila kutoa. La pili, maili si mali ya mwanachama.

Yaani ile “vigezo na masharti kuzingatiwa” inayosomwa fasta mwisho wa tangazo ndiyo yenye mamlaka yote.

Abiria wa Marekani wamejaribu kwenda mahakamani. American walipoongeza mwaka 1988 vikwazo vya siku na idadi ya viti, vikagusa hata maili ambazo watu walishazikusanya, kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1995 majaji waliamua kwamba abiria hawawezi kutumia sheria za majimbo za kulinda wateja. Sababu ni sheria ya 1978 iliyolegeza udhibiti wa biashara ya ndege, ambayo inazuia majimbo kuingilia nauli, njia na huduma za mashirika. Wanachoweza kudai ni kwamba mkataba wenyewe umevunjwa.

Mtego ni kwamba mkataba wenyewe unasema shirika linaweza kubadilisha.

Aprili 2014 mlango ukafungwa zaidi, kwenye kesi ya Northwest dhidi ya Ginsberg. Abiria huyo, rabi kutoka Minnesota, alifutiwa uanachama mwaka 2008, shirika likidai anatumia mpango vibaya kwa malalamiko mengi. Yeye alisema shirika halikumtendea kwa nia njema. Majaji wote walikubaliana kwamba sheria ya 1978 inazuia dai hilo pia. Mahakama ikakumbusha kwamba mteja asiyeridhika anaweza kuhamia mpango wa shirika jingine, au kulalamika kwa Wizara ya Uchukuzi.

Wizara hiyo ilijitokeza Septemba 2024. Waziri wa wakati huo, Pete Buttigieg, alizitaka American, Delta, United na Southwest zitoe ndani ya siku 90 maelezo na nyaraka kuhusu mipango yao. Kati ya mambo yaliyoulizwa ni kushushwa kwa thamani ya pointi ambazo mteja ameshazipata, na bei zilizofichwa au zinazobadilikabadilika.

Hapo serikali ilikuwa inauliza swali la abiria wa kawaida: nilichokwisha kukifanyia kazi, mnakipunguzaje bila kuniambia?

Na huku kwetu?

Suala hili halijaishia Marekani. Kwa miaka mingi abiria wa Kenya Airways walikusanya maili kupitia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Flying Blue waliachana na jedwali la bei zisizobadilika mwaka 2018. Baadaye Kenya Airways wakaanzisha mpango wao wenyewe, Asante Rewards.

Wanaopita Dubai hukusanya Skywards za Emirates. Wanaopita Addis Ababa wana ShebaMiles za Ethiopian, na wanaopita Doha wana Privilege Club ya Qatar Airways. Kabla ya kuanza kukusanya popote, fungua masharti na utafute kipengele kinachozungumzia mabadiliko. Soma hicho kwanza kabla ya kusoma zawadi.

Ufanye nini na maili zako?

Usizilimbikize bila mpango. Hela ya benki angalau inaweza kupata riba. Maili hazina riba, na mara nyingi zikibadilika zinashuka. Ukifikisha za kutosha safari unayoitaka, kata.

Kata mapema. Tiketi ikishatolewa, bei ikipanda kesho haikugusi. Mashirika makubwa ya Marekani yanaruhusu kughairi tiketi nyingi za maili na kurudishiwa maili bila ada, lakini hakiki masharti ya tiketi yako kabla ya kubonyeza.

Usihamishe pointi za benki kwa kubahatisha. Zikiwa benki, unaweza kuchagua uzipeleke shirika gani. Ukishazihamisha, kwa kawaida hazirudi. Tafuta kiti kwanza, kikipatikana ndipo uhamishe.

Angalia kwa mshirika. Kiti cha ndege ya Delta, kwa mfano, kinaweza kukatwa pia kwa pointi za Virgin Atlantic au Flying Blue, na bei ikawa tofauti kabisa.

Piga hesabu. Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Tiketi ya dola 900, tozo dola 60, maili 60,000: 840 gawanya kwa 60,000 ni senti 1.4 kwa maili moja. Andika namba hiyo kwenye simu. Kwa kuwa jedwali halipo, hiyo ndiyo itakayokuonyesha mwakani kama maili zako zimeshuka, na kwa kiasi gani.

Na piga kelele. Septemba 2023 Delta walitangaza masharti magumu zaidi ya kupata hadhi ya juu ya uanachama na kuingia kwenye kumbi zao za kupumzikia. Wateja walilalamika kwa nguvu, na mwezi uliofuata shirika likalegeza baadhi ya masharti hayo.

Tofauti ni kwamba safari hiyo Delta walitangaza, watu wakajua cha kulalamikia. Bei ikipandishwa kimyakimya, kila abiria anabaki na simu yake, akidhani ni yeye tu aliyechelewa.